Utumwa chini ya Utawala wa Hispania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, watumwa wa kwanza wa Hispania katika Amerika walikuwa Waafrika?

Hapana, walikuwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Mwaka 1495, miaka mitatu tu baada ya kufika kwake, Christopher Columbus aliwakusanya Wataino wa kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, akawapakia wapatao 500 katika meli ili wakauzwe Hispania. Karibu 200 kati yao walifia njiani na maiti zao zikatupwa baharini.

Utumwa wenyewe haukuwa jambo geni kwa Wahispania. Mjini Sevilla walikuwapo Waafrika walioletwa na Wareno, Waislamu waliotekwa vitani na wenyeji wa Visiwa vya Kanari, wote wakinunuliwa na kuuzwa kwa hati. Walipovuka bahari walihamisha desturi waliyokuwa nayo nyumbani pamoja na sheria zake.

Malkia Isabella hakupendezwa na mzigo wa Columbus, na mwaka 1500 aliamuru wenyeji wale waachiliwe, kwa hoja kwamba walikuwa raia wake. Hoja hiyo ndiyo ufunguo wa mengi yaliyofuata: mwenyeji wa Amerika ni raia wa mfalme, na raia hauzwi. Hata hivyo, amri iliacha mianya. Aliyekamatwa katika vita vilivyoitwa vya haki, au aliyedaiwa kula nyama ya watu, aliweza kufanywa mtumwa, na haikuchukua muda kabla ya wawindaji wa watu kuanza kuwaona wala-watu katika kila kisiwa ambacho kilikuwa na vijana wenye nguvu. Mwaka 1513 vita hivyo vya haki vilitungiwa waraka maalumu, uliowataka wenyeji wamtambue Papa na mfalme wa Hispania, la sivyo watavamiwa na kutiwa utumwani na lawama itakuwa yao. Waraka ulisomwa kwa Kihispania mbele ya watu wasiojua hata neno moja la lugha hiyo, na wakati mwingine ulisomwa mbele ya vibanda vitupu ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kimbilia msituni. Mwandishi wa serikali alikuwapo kuthibitisha kwamba umesomwa.

Encomienda ilikuwa nini, na inafaa kuitwa utumwa?

Encomienda ulikuwa utaratibu ambao mfalme alimkabidhi Mhispania watu wa kijiji fulani, si ardhi yao, ili wamfanyie kazi au wamlipe kodi, naye awalinde na kuwafundisha dini. Kisheria watu hao walikuwa huru: hawakuweza kuuzwa sokoni. Katika maisha ya kila siku walipelekwa kuchenjua dhahabu mitoni huku mashamba yao ya mihogo yakiota magugu, na njaa ilipoungana na ndui iliyoletwa na wageni, Wataino wa Hispaniola waliteketea. Nusu karne baada ya Columbus, waliosalia katika kisiwa hicho walihesabiwa kwa mamia.

Walikuwapo Wahispania waliopinga. Desemba 1511, padri Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbarini mjini Santo Domingo na kuwauliza wakubwa waliokaa mbele yake kama wale wanaowatumikisha si binadamu wenye roho. Matunda ya hasira hiyo yalikuwa Sheria za Burgos za mwaka 1512, kisha Sheria Mpya za mwaka 1542, ambazo zilipiga marufuku kabisa kuwafanya wenyeji watumwa na kuzuia encomienda isirithiwe. Nchini Peru walowezi walishika silaha, na Januari 1546 walimuua Blasco Núñez Vela, mwakilishi wa mfalme, vitani karibu na Quito. Hata kabla ya kifo chake, mfalme alikuwa amekwisha rudi nyuma na kufuta kipengele cha urithi.

Marufuku ya utumwa wa wenyeji ilibaki katika vitabu, lakini kazi ya shuruti ilibadilishiwa jina. Kuanzia mwaka 1573, kwa amri za Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme huko Peru, mikoa ya nyanda za juu za Peru na Bolivia ya leo ililazimishwa kutoa mtu mmoja kati ya kila wanaume saba kwenda kufanya kazi kwa zamu katika mlima wa fedha wa Potosí. Utaratibu huo uliitwa mita, neno lililoazimwa kutoka kwa watawala wa Inka, na kila mwaka ulidai watu wapatao 13,000, ambao wengi waliondoka na wake, watoto na llama wao wakitembea kwa wiki nyingi. Malipo yalikuwapo, ila hayakutosha chakula. Mita ilifutwa mwaka 1812. Huko Chile nako, mfalme mwenyewe aliruhusu mwaka 1608 Wamapuche waliokamatwa vitani wafanywe watumwa, na ruhusa hiyo ilidumu hadi mwaka 1674.

Je, ni kweli kwamba Bartolomé de las Casas, padri Mhispania aliyewatetea wenyeji, ndiye aliyeshauri Waafrika waletwe badala ya wenyeji?

Ni kweli kwamba alishauri hivyo mwaka 1516, na si kweli kwamba yeye ndiye chanzo. Maagizo ya mfalme kwa gavana wa Hispaniola ya mwaka 1501 yalikwisha ruhusu kuingizwa kwa watumwa weusi waliolelewa miongoni mwa Wakristo, na mwaka 1518 mfalme Charles wa Tano alimpa kipenzi wake Lorenzo de Gorrevod kibali cha kupeleka watumwa 4,000, ambao sasa waliweza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka Afrika. Gorrevod hakuwa na meli wala nia ya kusafiri. Alikiuza kibali chake kwa wafanyabiashara. Las Casas baadaye alikiri kwa maandishi kwamba alikosea na kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma sawa na ule wa wenyeji. Kumbebesha padri mmoja mzigo huu wote ni kuwapunguzia lawama wafalme na wenye mashamba ya miwa, ambao hawakuhitaji ushauri wake.

Hispania haikuwa na ngome za biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika. Iliwapataje watumwa?

Iliwanunua kupitia mikono ya wengine. Mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494 uliiacha Afrika upande wa Ureno, kwa hiyo dola iliyokuwa na makoloni makubwa kuliko zote Amerika ilikosa bandari ya kupakilia watu. Mwanzoni mfalme aliuza vibali kimoja kimoja. Kuanzia mwaka 1595 alianza kuikodisha biashara nzima kwa mkataba ulioitwa asiento, ambao mwenye kuushika alilipa fedha kwa hazina na kupata haki ya kuingiza idadi fulani ya watumwa. Wareno walitangulia kuushika, wakati Ureno na Hispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Baadaye walifuata wafanyabiashara wa Genoa, na mwaka 1701 kampuni ya Kifaransa. Mwaka 1713, kwa mkataba wa amani wa Utrecht, haki hiyo ikaenda Uingereza, nayo ikaikabidhi kampuni yake ya South Sea kwa masharti ya kuingiza "vipande" 4,800 kila mwaka kwa miaka 30.

Neno hilo la vipande linafaa kutazamwa kwa karibu. Kipande kimoja, kwa Kihispania pieza de Indias, hakikuwa mtu mmoja. Kilikuwa kipimo: mwanamume kijana, mzima, asiye na kasoro, mwenye urefu wa shibiri saba. Meli ilipotia nanga Cartagena de Indias, katika Kolombia ya leo, maofisa na daktari walipanda kukagua, kisha mateka wakateremshwa na kusimamishwa mmoja mmoja karibu na kijiti cha kupimia. Aliyepungua urefu, mwenye jicho bovu, mwenye meno yaliyong'oka, mzee au mtoto, alihesabiwa kuwa sehemu tu ya kipande, hivyo watoto wawili au watatu waliweza kujumlishwa wakafanya kimoja. Baada ya kupimwa walichomwa kwa chuma cha moto chenye alama ya mfalme kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Zoezi hilo la kuwatia watu chapa kama ng'ombe lilifutwa kwa amri ya mwaka 1784, miaka mitano tu kabla ya mfalme kufungua biashara ya watumwa kwa kila mwenye meli.

Ni watu wangapi walioletwa?

Watafiti wanakadiria kwamba Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki na mataifa yote ya Ulaya na Amerika kwa jumla. Kati ya waliofika hai, takriban milioni mbili waliishia katika makoloni ya Hispania. Kama milioni moja na nusu waliletwa moja kwa moja kutoka Afrika, na zaidi ya nusu milioni walipitia kwanza makoloni ya wengine, hasa Jamaika, Curaçao na Brazili, kabla ya kuuzwa tena. Hesabu hiyo ya pili ilisahauliwa kwa muda mrefu, na ndiyo iliyofanya Hispania ionekane mshiriki mdogo katika biashara hii.

Mwanzoni wengi walitoka Senegambia na pwani ya Guinea. Kuanzia mwisho wa karne ya 16 Angola na Kongo zikashika nafasi ya mbele. Karne ya 19, Kuba ilipokea pia Wayoruba kwa wingi.

Je, walikuwapo watu kutoka upande wetu wa Afrika?

Walikuwapo, ingawa si wengi kama wa magharibi. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, meli zilizopakia Kisiwa cha Msumbiji na bandari jirani zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Montevideo na Buenos Aires, na baadaye nyingine zilifika Kuba. Miongoni mwa makundi ya Waafrika yaliyotambuliwa Kuba lilikuwamo la Macuá, yaani Wamakua, ndugu wa Wamakua wa Masasi na Mtwara. Safari hiyo ilikuwa ndefu mno, na vifo vilikuwa vingi kuliko katika njia ya Angola.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi, kwa sababu ilikwenda mashariki. Wareno waliwachukua Waafrika wa pwani yetu hadi Goa na Makau, kisha Manila, mji mkuu wa koloni la Hispania huko Ufilipino, na kutoka Manila meli kubwa ya kila mwaka iliwavusha Pasifiki mpaka Acapulco. Katika nyaraka waliitwa cafres, neno ambalo Wareno walilipata kwa Waarabu wa Bahari ya Hindi na ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Wahindi, Wamalayu na Wafilipino waliovushwa pamoja nao waliitwa wote "Wachina", hata kama hawajawahi kuiona China. Maarufu kati yao ni Catarina de San Juan, aliyetekwa utotoni huko Asia, akauzwa Meksiko, akaishi Puebla hadi alipofariki mwaka 1688 akiheshimiwa na wengi kama mcha Mungu. Mwaka 1672 serikali iliamuru "Wachina" wa Meksiko waachwe huru kwa kuwa ni raia wa mfalme. Waafrika waliopanda meli ile ile hawakuhusika na amri hiyo.

Maneno bozal, ladino na criollo yana maana gani?

Bozal ni mtumwa aliyeshushwa karibuni kutoka Afrika, asiyejua lugha wala dini ya mabwana. Ladino ni yule aliyekwisha jifunza Kihispania na desturi zake. Criollo ni aliyezaliwa Amerika. Anayejua historia ya pwani yetu atakumbuka mara moja kwamba Waswahili nao walitofautisha mtumwa mjinga, yaani mgeni aliyetoka bara juzi, na mzalia. Maneno haya hayakuwa ya mapambo tu. Yaliamua bei, aina ya kazi, na, kama tutakavyoona katika kisa cha Amistad, yaliweza kuamua kama mtu ni mtumwa halali au mtu aliyeibwa.

Je, wote walifanya kazi katika mashamba ya miwa?

La. Picha ya shamba la miwa ni ya Kuba ya karne ya 19. Kwa karne tatu za kwanza, mtumwa wa kawaida katika Lima au Jiji la Meksiko aliishi mjini: mpishi, mshonaji, fundi viatu, mwashi, mchukuzi wa maji, yaya. Wengi walipelekwa nje kutafuta kazi kwa watu wengine na kurudi jioni, au mwisho wa juma, na kiasi walichopangiwa na bwana. Kilichozidi kilikuwa chao. Utaratibu huu ulikuwapo Unguja pia, na neno letu kibarua lilitokana na kijibarua cha kazi walichopewa watumwa waliokodishwa. Mama aliyeuza vitafunio sokoni Havana aliweza kuweka akiba ya sarafu kwa miaka 15 na kujinunua, kisha akaanza upya kuweka akiba ya kumnunua mwanawe.

Nje ya miji, watu walichenjua dhahabu katika misitu yenye mvua isiyokatika ya Chocó, katika Kolombia ya leo, walilima kakao Venezuela, na waliendesha mashamba ya mizabibu na miwa katika mabonde ya pwani ya Peru, mengi yakiwa mali ya Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki. Shirika hilo lilipofukuzwa mwaka 1767, maofisa wa mfalme walioorodhesha mali zake walikuta kwamba lilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa watumwa katika Amerika yote.

Lakini si Wajesuiti hao hao waliomtoa Mtakatifu Petro Claver?

Ndio hao hao. Pedro Claver alifika Cartagena mwaka 1610, na kwa karibu miaka 40 aliteremka katika matumbo ya meli akiwa na maji, matunda na wakalimani, ambao wenyewe walikuwa watumwa walionunuliwa na shirika lake kwa kazi hiyo. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1888. Ukinzani wa ndani wa Kanisa la wakati ule unaonekana wazi hapa: mtumwa ana roho inayostahili ubatizo, na mwili unaostahili kuuzwa. Martin wa Porres wa Lima, ambaye Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanamjua, alikuwa mtoto wa mwanamke mweusi aliyeachwa huru na baba Mhispania; kwa rangi yake alipokelewa katika nyumba ya Wadominiko kama mtumishi tu, akifagia na kuwatibu wagonjwa.

Inasemekana sheria za Hispania zilikuwa na huruma kuliko za Waingereza. Ni kweli?

Kwenye karatasi, ndiyo. Sheria ya kale ya mfalme Alfonso wa Kumi, ya karne ya 13, ilitamka kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile ya mwanadamu, ikamruhusu mtumwa kuoa au kuolewa, kumshitaki bwana mkatili, na kuwa na mali yake. Katika makoloni ya Waingereza mambo hayo hayakuwapo.

Desturi iliyokuwa na uzito zaidi iliitwa coartación. Tuseme mwanamke amekadiriwa thamani ya peso 300. Akimlipa bwana wake peso 50, bei yake inafungwa kwa hati: hawezi tena kuuzwa kwa zaidi ya 250 zilizobaki, hata kama bei ya soko imepanda maradufu, na kila malipo mapya yanapunguza deni hadi apate hati ya uhuru. Ndiyo maana miji ya Hispania ilikuwa na waungwana weusi wengi, wenye nyumba, vyama vyao vya kidini na hata vikosi vyao vya askari.

Hata hivyo, haki ya kushitaki ina faida kwa aliye karibu na mahakama. Mtumwa wa mjini alimjua mwandishi wa barua na njia ya kwenda kwa wakili wa serikali; wa shambani alikuwa na mnyapara, mbwa na mwendo wa siku nne. Mwaka 1789 mfalme alitoa kanuni mpya iliyopanga saa za kazi, chakula, mavazi na idadi ya viboko, isiyozidi 25. Wenye mashamba wa Havana na Caracas walipiga kelele kwamba watumwa wakisikia habari hiyo wataasi, na mwaka 1794 kanuni ikawekwa kabatini. Kwa maoni yangu hapo ndipo swali lenyewe linapojibiwa: pale sheria ilipogongana na hesabu za sukari, sukari ilishinda kila mara, na uhuru uliopatikana kwa njia ya sheria ulipatikana kwa sababu watumwa wenyewe walilipa, walishitaki na hawakuchoka kurudi mahakamani.

Watumwa walipinga vipi?

Uasi mkubwa wa kwanza unaojulikana ulitokea Krismasi ya mwaka 1521 huko Hispaniola, katika shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus mwenyewe. Wengi wa walioasi walikuwa Wawolofu, na serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa watu wa asili hiyo, marufuku ambayo haikuheshimiwa.

Lakini njia iliyozoeleka zaidi ilikuwa utoro. Watoro, kwa Kihispania cimarrones, walijenga vijiji vyenye maboma ndani ya misitu na milima. Panama walimsaidia haramia wa Kiingereza Francis Drake kupora msafara wa fedha mwaka 1573. Karibu na Veracruz, Meksiko, kiongozi aitwaye Yanga alishambuliwa na jeshi mwaka 1609 baada ya kuishi milimani kwa miaka mingi. Vita haikummaliza, na mwishowe serikali ililazimika kukubali watu wake wawe na mji wao huru. Mji huo upo hadi leo na tangu mwaka 1932 unaitwa Yanga. Karibu na Cartagena, Benkos Biohó alifanyiwa mapatano na gavana mmoja na kunyongwa na mwingine mwaka 1621, ila vijiji vya watoro havikwisha, na mwanzoni mwa karne ya 18 San Basilio ilitambuliwa rasmi kuwa huru.

Wakati mwingine Hispania yenyewe iliwatumia watoro kama silaha. Mwaka 1693 mfalme Charles wa Pili aliahidi uhuru kwa watumwa waliotoroka mashamba ya Waingereza ya Carolina na kufika Florida wakakubali Ukatoliki. Mwaka 1738 walijengewa ngome yao, Mose, kaskazini ya mji wa Mtakatifu Augustino, wakiongozwa na Francisco Menéndez, Mmandinka. Katika milki hiyo hiyo, mwendo wa majuma machache kwa meli, mtoro aliyekamatwa alichapwa hadharani.

Kwa nini Kuba inatajwa sana?

Kwa sababu ndipo utumwa wa Hispania ulipofikia kilele, na ulifika kilele wakati mataifa mengine yalikuwa yakiuacha. Mapinduzi ya watumwa wa Haiti ya mwaka 1791 yaliangusha mzalishaji mkubwa wa sukari duniani, na wenye ardhi wa Kuba wakakimbilia kujaza pengo lake. Kufikia sensa ya mwaka 1841, kisiwa kilikuwa na watumwa 436,495, zaidi ya asilimia 40 ya watu wote.

Miwa iliyokatwa haingoji. Ikikaa siku mbili huanza kuchacha, kwa hiyo kwa miezi mitano au sita ya mavuno kinu hakikulala, na watu walifanya kazi saa 16 hadi 20, wakisinzia wamesimama kati ya mashine za kukamua na masufuria ya moto. Usiku walifungiwa katika jengo moja lenye lango moja na ufunguo mmoja.

Maisha ya nyumbani nayo hayakuwa salama. Mshairi Juan Francisco Manzano, aliyeandika maisha yake mwaka 1835 angali mtumwa, anasimulia jinsi alivyopita bustanini kwa bibi yake akiwa mvulana, akachuma jani moja la jeraniamu bila kufikiri na kulifikicha vidoleni. Bibi alisikia harufu mikononi mwake. Kwa jani hilo alifungiwa usiku kucha kwenye chumba cha baridi na kuchapwa asubuhi. Mwaka uliofuata, marafiki waliopenda mashairi yake walimchangia fedha za kujikomboa.

Cha kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya watumwa wa Kuba waliingizwa kinyume cha sheria. Mwaka 1817 Hispania ilitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara hiyo kufikia 1820, ikapokea pauni 400,000 kama fidia, kisha Kuba ikaendelea kuingiza zaidi ya nusu milioni ya watu hadi miaka ya 1860, huku magavana wakipokea mlungula kwa kila kichwa. Hata waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza waliwekwa chini ya "uangalizi" na kukodishwa kwa miaka. Mtumwa wa shamba akifa, mwenye shamba aliandikisha kwamba aliyekufa ni yule aliyeokolewa, na aliye hai akachukua jina la marehemu pamoja na utumwa wake.

Kisa cha meli Amistad kilitokana na ulaghai huo. Mwaka 1839, Waafrika 53 wa eneo la Sierra Leone ya leo walipewa Havana hati zilizowaita ladinos, yaani watu waliokuwapo Kuba kabla ya marufuku. Waliasi baharini wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakaishia mahakamani nchini Marekani. Miongoni mwao walikuwamo watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, ambao mwaka 1820 walikuwa hata hawajazaliwa, na hakuna aliyeweza kujibu swali lolote kwa Kihispania. Mwaka 1841 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba walikuwa huru.

Utumwa ulikoma lini?

Inategemea mahali. Nchi zilizojitenga na Hispania zilianza mapema, nyingi zikitangaza kwanza uhuru wa watoto watakaozaliwa. Chile iliufuta mwaka 1823 na nchi za Amerika ya Kati mwaka 1824. Meksiko ilifuata mwaka 1829 chini ya Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya kujitenga na Hispania, alipata silaha na meli kutoka kwa Rais Alexandre Pétion wa Haiti mwaka 1816 kwa ahadi ya kuwakomboa watumwa, lakini Venezuela haikuufuta utumwa hadi mwaka 1854, miaka 24 baada ya kifo chake.

Makoloni yaliyobaki yalisubiri zaidi. Oktoba 1868 Carlos Manuel de Céspedes aliwaachia huru watumwa wake mashariki mwa Kuba na kuwaita katika vita vya kujitawala, na Hispania ikajikuta inashindana na waasi kwa ahadi. Sheria ya mwaka 1870 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa tangu Septemba 1868, pamoja na wazee waliozidi miaka 60, ambao bwana alifurahi kuacha kuwalisha. Puerto Rico ilipata uhuru wa watumwa tarehe 22 Machi 1873, ila walioachiwa walitakiwa kuingia mkataba wa kazi wa miaka mitatu, na fidia wakalipwa mabwana. Kuba ilitangaziwa mwisho wa utumwa mwaka 1880 na papo hapo waliokuwa watumwa wakawekwa chini ya "ulezi" wa mabwana wale wale. Minyororo na mikatale iliendelea kuruhusiwa chini ya ulezi huo hadi mwaka 1883. Ulezi ulifutwa tarehe 7 Oktoba 1886.

Na Wachina wa Kuba?

Kati ya mwaka 1847 na 1874, karibu Wachina 125,000 walipelekwa Kuba kwa mikataba ya miaka minane. Waliuzwa, walifungiwa katika majengo yale yale na kuchapwa na wanyapara wale wale.

Ni nini kinachoweza kuonekana au kusikika leo?

Kijiji cha San Basilio de Palenque bado kipo, kusini mashariki mwa Cartagena, na watu wake wanazungumza lugha yao wenyewe, yenye maneno mengi ya Kihispania na mengine ya Kikongo. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wao kama urithi wa binadamu. Huko Kuba, waganga wa dini yenye asili ya Kongo huita chungu chao kitakatifu nganga. Na mzee wa Palenque akimwita mjukuu wake atasema moná, akionyesha mifugo iliyo kando ya njia atasema ngombe, naye Mswahili aliyesimama pembeni, asiyejua neno la Kihispania, atageuka kuangalia upande uliotajwa.